UZI: Sendwe si hospitali tu. Maisha ya muuguzi wa vijijini aliyeingia siasa za jimbo, Katanga

NesiWaKatuba (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za usiku. Niko zamu hapa Lubumbashi, Kongo, wagonjwa wametulia na umeme upo (ajabu!), kwa hiyo nitaandika kirefu. Asiye na muda apite, hakuna ugomvi.

Juzi nilikuwa najaza karatasi ya kumhamisha mzee mmoja. Sukari imepanda, kidonda cha mguu kimeanza kunuka, kituo chetu hakina uwezo. Nikaandika: apelekwe Sendwe. Msichana wa mafunzo aliyekuwa ananimulikia kwa simu akauliza, "Yaya (yaani dada mkubwa), Sendwe ni neno la lugha gani?" Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nilimaliza sekondari bila kujua. Mji huu Sendwe ni mahali. Tunasema amelala Sendwe, ametolewa Sendwe, na mtu akipiga simu usiku akasema "tuko Sendwe" unaanza kuhesabu pesa kabla hujauliza ni nani anaumwa. Kwamba kuna mtu aliyeitwa hivyo, hilo limepotea.

Alikuwepo, na alikuwa wa kazi yetu.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, upande wa Kabongo, kwa Waluba wa Katanga. Leo ni jimbo la Haut-Lomami. Alisoma shule za misheni za Kiprotestanti, na kiu yake ilikuwa udaktari. Hapo akagonga ukuta. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na shule ya kumtoa mtu mweusi akiwa daktari. Ilikuwa na shule za wauguzi, na baadaye za wasaidizi wa matibabu. Ile ya Kisantu, chini ya watu wa chuo cha Louvain, ilianza kazi 1926. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, Sendwe akiwa na miaka 37 na familia. Madaktari wa kwanza waliosomea humu nchini walitoka huko 1961, uhuru umeshapita. Na Wabelgiji walipokimbia Julai 1960, Shirika la Afya Duniani lilichukua wasaidizi wa matibabu kwa makumi, likawapeleka Ufaransa wamalizie masomo. Maana yake walikuwa na akili ya kutosha siku zote, ila hawakuwa na ruhusa.

Basi akawa mwalimu, akawa mhubiri, akawa muuguzi. Ukiunganisha hizo tatu unapata mtu anayejua karibu kila nyumba ya tarafa. Niliwahi kufanya kazi kijijini miaka minne, naongea kwa uzoefu. Chifu anajua nani hajalipa kodi. Wewe muuguzi unajua nani anapigwa na mume, nani amezika watoto watatu, nani ana kisonono na anajifanya ni mgongo. Watu wakikuamini na hayo, siku ukisimama kuomba kura huhitaji kujitambulisha.

Sasa siasa. Tuelewane kwanza kuhusu mji. Élisabethville (jina la Lubumbashi enzi hizo) ulikuwa mji wa wageni kutoka kila upande, walioletwa na Union Minière, kampuni ya madini, na reli. Kampuni ilitoa nyumba, posho na hospitali. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Desemba 1957 ukafanyika uchaguzi wa komini (serikali za mitaa ya mji). Kati ya mameya wanne waliopita, watatu walikuwa wa Kasai na mmoja wa Kivu. "Wenyeji" wakakasirika: kwetu, na tumekosa hata kiti kimoja? Kutokana na hasira hiyo CONAKAT ilizaliwa Oktoba 1958, chama cha Munongo na Tshombe. Sendwe alikuwa anaongoza umoja wa Waluba wa Katanga, BALUBAKAT. Mwanzoni mwa 1959 waliingia ndani ya CONAKAT. Novemba mwaka huohuo wakatoka. Hapo ndipo yote yalipoanzia, maana kuanzia siku ile kura ya Katanga ilipasuka katikati.

Januari 1960 Sendwe yuko Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara, wa kupanga uhuru wa Kongo. Mei 1960, uchaguzi. Yeye anaingia bunge la taifa. Kwenye bunge la jimbo lenye viti 60, CONAKAT inapata 25, na muungano wa Sendwe unafuata nyuma kwa viti vichache mno. Hakuna mwenye nusu.

Hapa naomba msome polepole, maana ndiyo sehemu ninayoirudia kila siku kichwani.

Sheria ya wakati ule, Loi fondamentale, ilitaka theluthi mbili ya wabunge wa jimbo wawemo ukumbini ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Watu wa Sendwe wakafanya hesabu rahisi: tusipoingia, hakuna uchaguzi, itabidi mtugawie madaraka. Wakasusia. Ukumbi ukabaki na mashimo. Bunge la Ubelgiji likafanya nini? Katikati ya Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru, likabadilisha kipengele hicho ili wabunge pungufu ya theluthi mbili watoshe. CONAKAT ikaunda serikali, Tshombe akawa rais wa jimbo. Wananchi hawakurudi kupiga kura wala hakuna aliyebadili mawazo. Ilibadilishwa hesabu tu.

Lumumba alijaribu kuziba pengo kwa kumteua Sendwe kamishna wa serikali kuu hapa Katanga. Hakuwahi kukalia kiti hicho. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga imejitenga.

Kilichofuata kaskazini tunakiongea kidogo kwa sababu kila familia ina upande wake. Waluba waliinuka, jeshi la Katanga na maafisa wake Wabelgiji likachoma vijiji, vijana wa BALUBAKAT nao wakaua. Oktoba 1960 Umoja wa Mataifa ulimpitisha Sendwe kaskazini awatulize watu wake. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Novemba, askari 11 wa Ireland walikwenda kukagua daraja lililovunjwa huko Niemba, wakavamiwa na wapiganaji wa Kiluba waliodhani ni watu wa Tshombe. Tisa walikufa. Mimi huwa najiuliza Sendwe aliipokeaje habari ile, mtu aliyejua kufunga jeraha, alipoambiwa kwamba walioyafanya wanaimba jina lake.

Na hapa mjini? Nkambo yangu, mama mzaa mama, alikuwa na miaka tisa. Agosti na Septemba 1961 Waluba walianza kukimbia nyumba zao kwenda kulala karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, makumi ya maelfu. Anakumbuka askari wa Sweden wenye nywele kama nyuzi za mahindi. Anakumbuka miti ya barabarani ikiisha kwa ajili ya kuni, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likakosa pa kuzuiliwa. Walijenga vibanda kwa magunia na milango ya magari. Hadi 2014 alipofariki alikuwa hawezi kuona gunia tupu likatupwa; alilikunja na kuliweka chini ya kitanda.

Sendwe wakati huo yuko Léopoldville (Kinshasa ya leo). Agosti 1961 aliingia serikali ya Adoula kama naibu waziri mkuu. Cheo kikubwa, gari, ulinzi. Kujitenga kulipozimwa Januari 1963, Katanga ilikuwa inakatwa vipande, na kaskazini ilikuwa jimbo lake lenyewe, Nord-Katanga, makao makuu Albertville, yaani Kalemie. Chama chake mwenyewe kilikuwa kimegawanyika huko, upande mmoja wake, upande mwingine wa Prosper Mwamba-Ilunga aliyeongoza kabla yake. Septemba 1963 Sendwe alichaguliwa rais wa jimbo hilo. Mtu aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa nchi, kaja kuongoza jimbo la vijiji vilivyoungua na zahanati zisizo na dawa. Wapo wanaosema alishuka cheo. Mimi nasema alirudi wodini.

Haukupita hata mwaka. Mwaka 1964 uasi wa Simba, wapiganaji waliopinga serikali kuu, uliingia Albertville, na tarehe 19 Juni Sendwe akauawa. Alikuwa na miaka 47. Wiki tatu baadaye, Julai, nani alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima? Tshombe.

Ndiyo hivyo. Nimemaliza, na mzee wa chumba namba mbili ananiita. Nitarudi kusoma.

---

MwanaKenya_Lshi

(Kwa ndugu wa Nairobi: Kenya ya jina langu ni komini ya hapa Lubumbashi, si nchi yenu, musianze.)

Yaya, mi nilizalikiaka ku Sendwe. Batoto bangu batatu, bote ku Sendwe. Lakini ni leo njo najua kama ilikuwaka muntu! Nilizania ni jina ya mulima ao ya muzungu. Aksanti sana.

---

Lufira81

Uzi mzuri, lakini mwandishi unampaka mafuta. Kwanza kichwa kinasema muuguzi, halafu maelezo yote yanamvika koti la daktari. Pili, BALUBAKAT kilikuwa chama cha kabila, jina lenyewe linasema. Ulimwonea huruma Sendwe kwa hesabu ya viti, je, wale wasio Waluba kule kaskazini waliochomewa nyumba na vijana wake? Baba yangu ni wa Moba. Sisemi zaidi.

---

NesiWaKatuba

@Lufira81 umesema kweli na sitabishana na mzee wako wa Moba. Vijana wale walifanya mabaya, na mmoja aliyeanzia kwenye ujana wa BALUBAKAT tulikuja kumjua wote, Laurent-Désiré Kabila. Nimeandika "wakaua", sikuficha. Ila chama cha kabila? Nionyeshe chama cha 1960 Katanga ambacho hakikuwa hivyo. CONAKAT yenyewe ilikuwa ya "wenyeji halisi". Sendwe aliunda muungano na FEDEKA ya watu wa Kasai na ATCAR ya Wachokwe. Kwa wakati ule huo ulikuwa mkono mpana.

Koti la daktari nimelivua. Hakuwa daktari, ndiyo uchungu wenyewe.

---

Kambo_Ruashi

Wajukuu, mimi nilikuwa kijana wakati Mobutu alipotugeuza Shaba, 1971. Tukarudi Katanga 1997. Mkatukata vipande vinne 2015: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Sasa angalieni ramani ya 1963 na hii ya leo. Nord-Katanga ya Sendwe ni kama Tanganyika na Haut-Lomami mkiziweka pamoja. Nyinyi mlidhani découpage ni jambo jipya. Sisi tulilila mapema na lilituchoma mdomo.

---

Ndege_wa_Bukavu

Huku kwetu mfano wa karibu ni daktari Mukwege. Yeye alianza Lemera, hospitali ya milimani kabisa, ndipo akaja kuanzisha Panzi 1999. Nobel 2018. Desemba 2023 akagombea urais, akapata chini ya asilimia 1. Mtu dunia nzima inamsimamia ukumbini kwa makofi! Ile siku nilijifunza kwamba mgonjwa kukushukuru ni jambo moja, kukupigia kura ni jambo jingine. Kwa hiyo yaya, ile habari yako ya "huhitaji kujitambulisha" iangalie vizuri.

---

NesiWaKatuba

@Ndege_wa_Bukavu hapo umenishika. Labda tofauti ni ukubwa wa eneo. Urais unagombea kwa watu milioni ambao hujawahi kuwagusa tumbo. Ubunge wa jimbo unagombea kwa tarafa uliyoizunguka kwa miguu. Lakini nakubali sijafikiria vya kutosha.

---

DoctaWaBrousse

Nimesoma uzi huu nikiwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya ofisi, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Mimi ni daktari wa ukanda wa afya huko Haut-Lomami. Sitaji wapi. Mwaka wa saba huu.

Niwaambie jambo ambalo sijamwambia mke wangu vizuri bado. Machifu wawili na mchungaji mmoja wamenijia. Wanataka nigombee ubunge wa jimbo uchaguzi ujao. Wamekuja na mbuzi, yaani si utani.

Sababu yao ni moja: barabara. Mama akishindwa kuzaa kwenye kituo cha mbali, anakuja kwangu kwa baiskeli, amefungwa kwenye kiti na mashuka, watu wanne wanapokezana kusukuma. Wengine hufika. Mimi nimeandika ripoti miaka saba. Ripoti inakwenda kwa divisheni ya jimbo, inapigwa muhuri, inalala. Mchungaji akaniambia, "Docta, wewe unapasua matumbo kwa sababu barabara haipo. Nenda ukapasue barabara."

Nusu ya wauguzi wangu hawana hata matrikile, yaani namba ya utumishi serikalini, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Na mgonjwa analipa kuku.

Je, nikienda, nitakuwa nimewasaidia au nimewakimbia? Yaya umesema Sendwe alirudi wodini. Mimi ningekuwa natoka.

---

Mwanasheria_Kampemba

@DoctaWaBrousse pole na hongera kwa mbuzi. Nikupe upande wa sheria bila siasa.

Wewe ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo kabla ya kuweka fomu CENI (tume ya uchaguzi) lazima uombe kuachiliwa kazini kwa muda, ile disponibilité, na uwe na uthibitisho. Usipokuwa nao jina lako linakatwa. Kwa hiyo ukanda wako unabaki bila daktari tangu siku ya kampeni, si tangu siku ya ushindi. Lifikirie hilo.

Ukishinda, katiba ya 2006 ibara ya 204 inaipa jimbo mambo mengi ya afya: kupanga wahudumu, tiba, kinga, kupambana na magonjwa ya mlipuko. Kwenye karatasi una nguvu kubwa. Ibara ya 175 inasema jimbo linabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, yakatwe palepale. Mwulize mbunge yeyote wa jimbo kama amewahi kuziona zikiwa kamili. Na mnaochagua gavana ni nyinyi wabunge wa jimbo, kwa hiyo tarajia bahasha mlangoni usiku. Hujaanza kazi bado, tayari umeshajaribiwa.

La mwisho, hesabu. Unaweza kuwa wa kwanza kwa kura tarafani na bado usipite. Chama chako kisipofikisha asilimia 3 ya kura za jimbo zima, kura zako hazihesabiki kwenye kugawa viti. Yaya aliyeanzisha uzi nadhani ameshtuka hapo.

---

NesiWaKatuba

Nimeshtuka kweli. Ni 1960 ileile imevaa suti.

---

MwanaKenya_Lshi

Docta usiende. Beko bingi kule bunge, kila mumoja anasema anatengeneza barabara. Wa kutengeneza tumbo ya mama ni weye peke yako.

---

Kambo_Ruashi

Mimi nasema aende. Kijana wa Kenya, wabunge wa jimbo waliochaguliwa 2006 walikaa hadi 2018 bila kurudi kwa mwananchi. Miaka kumi na mbili! Viti hivyo vilikuwa vimekaliwa na nani? Kama watu wenye mikono safi wanabaki vijijini wanasubiri kuombwa mara tatu, wenye mikono michafu hawasubiri kuombwa hata mara moja.

Ila Docta, mwambie mke wako leo. Usimwache akasikie kwa mchungaji.

---

Lufira81

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kambo, kwa nusu. Wapo wanaosema Sendwe aliuawa na watu waliotoka kwenye ukoo uleule wa kisiasa aliouanzisha. Daktari anayeingia siasa ajue kwamba wagonjwa wake wa zamani wataanza kudai dawa ambayo haipo kwenye duka lolote: kazi kwa mtoto wa shangazi, mechi ya mpira, jeneza, karo. Ukisema hapana kwa mgonjwa kwa sababu dawa imeisha, anaelewa. Ukisema hapana kwa mpiga kura, umemtukana.

Docta, unaye msaidizi? Daktari wa pili?

---

DoctaWaBrousse

@Lufira81 ninaye mmoja, amemaliza UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) mwaka juzi. Kijana mzuri, anaogopa damu kidogo kuliko nilivyokuwa naogopa mimi. Lakini naye amechumbia Lubumbashi, na sijui atakaa hadi

Samahani. Wamefika na baiskeli. Nitarudi.

---

NesiWaKatuba

Nenda, nenda. Tutakusubiri.

---

Ndege_wa_Bukavu

Imepita siku mbili. Docta yupo?

---

DoctaWaBrousse

Nipo. Mtandao ulikata.

Alikuwa na miaka 17, mimba ya kwanza, siku ya pili ya uchungu. Tulipasua kwa taa za pikipiki mbili zilizoingizwa hadi mlangoni, jenereta ilikuwa na mafuta ya dakika ishirini tukayaweka kwa ajili ya kunyonya damu. Mama yuko sawa. Mtoto alichelewa kulia, lakini alilia. Yule kijana wa UNILU ndiye aliyeshika kisu, mimi nilimshikia.

Nimemwambia mke wangu. Amenyamaza siku nzima, halafu jioni akauliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia nimemfunga nyuma ya hospitali. Akasema, "Basi usimchinje bado."

---

Kambo_Ruashi

Huyo mke ana akili.

---

NesiWaKatuba

Docta, ukipita Lubumbashi nitafute Katuba, nkambo zetu ni wa upande mmoja. Na yule msichana wa mafunzo amesoma uzi wote huu. Leo asubuhi kulikuwa na uhamisho mwingine. Kwenye karatasi ameandika jina lote: Jason Sendwe.